Mjumbe Namba Saba

Kati ya wale raia kumi na wawili wa baraza la mahakama waliomhukumu kaka yake, Wendell, Odessa alimpenda mmoja tu: Mjumbe Namba Saba. Jamani, mama wa kanisani kabisa! Sweta la njano, vidole vinavyokunja karatasi za pipi mpaka ziwe kama punje, sauti ya kubembelezea mtoto. Shahidi akilia, naye analia. Hata hivyo Wendell akakutwa na hatia ya kuvunja duka, akala miaka kumi na tano. Juzi wakili wa Wendell akanusa kitu, na leo jaji kamwita mama huyo peke yake, akamwapisha.

"Mama," jaji akasema, "kwenye fomu ya kuchagua wajumbe uliulizwa kama umewahi kuvunjiwa. Ukaandika hapana."

"Nimevunjiwa duka langu mara mbili, mheshimiwa," akajibu, akinyoosha sweta. "Ningeandika kweli, si mngenirudisha nyumbani? Wezi wangu hawakukamatwa. Nikasema, basi huyu hatoki."

Odessa akajikuta kasimama.

"Wee mama! Miaka kumi na tano ya kaka yangu!"

Mama akamgeukia kwa upole uleule.

"Punguza sauti, mwanangu. Hapa ni mahakamani."