Mkoromo Katikati ya Msafara

Mshonaji wa viti vya magari huwajua watu kuliko daktari wao. Mama Sponji akikibandua kiti chako tu, anajua kama huwa unalia njiani, kama unakula karanga ulizokatazwa, na kama kuna mtu unayempakia ambaye hapaswi kupakiwa. Kitambaa hakina adabu ya kuficha. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili nzito, marobota ya sponji yaliyofika darini, na harufu ya gundi iliyomlegeza kila mteja ulimi kabla hajakaa.

Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, yaani mtu anayelipwa kukaa pembeni ya watu wanaojaribu kumuua. Kazi hiyo ilimpa vitu viwili. Cha kwanza ni sauti ya chini, ya chini kabisa, kwa sababu mwanafunzi anayekanyaga mafuta akidhani ni breki, ukimpigia kelele anaongeza. Cha pili ni mkono wa kushoto wenye vidole viwili visivyokunja, tangu mwanafunzi mmoja mwenye heshima nyingi alipomfungia boneti huku akimwamkia.

Siku za mapumziko wawili hawa walikuwa na kikundi. Magari manne makubwa, ya watu wazima wenye akili zao, yaliyoiacha lami waliyoililia serikali miaka nenda rudi, yakaenda kutafuta mawe na matope kwa hiari. Mwenyekiti alikuwa daktari wa meno, mtu aliyezoea kuongea na watu wasioweza kumjibu. Wa tatu alikuwa muuza majeneza, mcheshi kuliko wote, na gari lake ndilo lililokuwa na nafasi kubwa nyuma, jambo ambalo hakuna aliyependa kulifikiria.

Mwalimu alitangulia, wakamwita Kichwa. Mama Sponji alifunga msafara, wakamwita Mkia, wala hakununa. Aliyewahi kuishi nyumba moja na wifi yake hatishwi na jina.

Kanuni zao zilikuwa mbili. Mkia hapiti mtu, hata dunia ikipinduka. Na msafara ukivuka mto mkavu, Kichwa anasimama katikati ya mchanga, haparamii ukingo wa pili mpaka amsikie Mkia akisema "nipo." Kanuni hii ya pili ilikuwa na akili ndani yake: ukishaupanda ukingo na kuteremkia ng'ambo, kilima kinameza mawasiliano, na aliyekwama nyuma anabaki akiongea na mbuzi. Mwalimu hakuwahi kuivunja. Alisimama mtoni, akazima injini ili asikie vizuri, akangoja sauti ya mkewe.

Basi redio zao za upepo, zile za kuongelea gari kwa gari, zilipochoka, kikao kikamtuma Mama Sponji akachague nyingine. Kijana wa dukani, aliyefunga tai kwenye joto lile kama mtu anayejiadhibu, alimpangia mezani.

"Mama yangu, ziko za aina tatu. Hizi zinafungwa ndani ya gari, antena inakaa juu ya paa. Zinafika mbali, ila zinataka fundi na paa litobolewe. Hizi ni za mkononi, unabonyeza kitufe ndipo unaongea. Na hizi ni za mkononi pia, lakini hubonyezi kitu. Ukiongea zinajiwasha, ukinyamaza zinajizima. Kitufe kipo pembeni, ila hutakihitaji."

Hapo Mama Sponji hakuziona tena redio. Alimwona mumewe kwenye mteremko, mkono mzuri kwenye usukani, ule mbovu ukihangaika na kitufe, na korongo pembeni limefunua mdomo.

"Hizi za kujiwasha," alisema. "Mtu akiongea chini chini je?"

"Kuna kifundo cha usikivu hapa juu. Ukikizungusha mpaka mwisho, itasikia hata mawazo yake."

Alikwenda nyuma ya kabati, akanong'ona kama mumewe anavyonong'ona. Taa nyekundu ikawaka papo hapo. Duka lilikuwa kimya kama chumba cha mtihani, na hakujiuliza ndani ya gari kuna nini kingine cha kusikika. Alirudi karakana, akavizungusha vifundo vyote vinne mpaka mwisho, kwa kuwa hakujua mumewe angechukua redio ipi. Hakumwambia mtu. Mke akimfichia mumewe udhaifu wake mbele ya wenzake, haitangazwi.

Siku ya safari, mambo yalianza kuharibika wakiwa bado kwenye lami. Muuza majeneza alisikika akitafuna kitu kigumu kwa uchungu. Gari likipita kwenye tuta, redio inakohoa. Mwenyekiti alisikika akimweleza mkewe kwenye simu kwamba hapana, hawezi kumrudisha baba yake nyumbani, mzee mwenyewe ndiye aliyetaka kutembea. Kikundi kizima kilijua sasa kwamba mwenyekiti amembeba baba mkwe.

"Wifi," alisema dada yake Mwalimu, aliyekaa kiti cha abiria na mkoba mapajani, "hizi redio ulinunua au uliokota?"

"Tulia wewe. Ni za kisasa."

"Za kisasa zinasikiliza watu wakitafuna?"

"Wewe ukitafuna hata redio ya zamani inasikia."

Walicheka, lakini Mama Sponji alikuwa ameanza kutokwa jasho mgongoni. Alijua kwa nini redio zinakohoa. Alijipangia kwamba wakifika mapumzikoni atazishika moja moja, kimya kimya, avirudishe vifundo nyuma.

Kabla ya mapumziko kulikuwa na mto. Njia iliteremka kilima kwa kona, nyembamba, mawe upande huu na vichaka upande ule, mpaka kwenye mto mpana uliokauka, mweupe kama unga uliomwagika. Mwalimu alishuka wa kwanza. Mwenyekiti akamfuata, akasimama ukingoni. Muuza majeneza akasimama kwenye kona ya kati. Mama Sponji alibaki juu kabisa, akingoja wapate nafasi. Kutoka pale alimwona mumewe akiingia kwenye mchanga, akafika katikati, akasimama. Injini ikazimwa.

Alivuta pumzi aseme "nipo." Redio ikamtangulia.

Ulikuwa mkoromo. Mnene, wa mtu mzima, wenye kuanzia mbali kama lori linalopanda mlima, ukafika kileleni, ukasita, ukashuka kwa mluzi. Haukukatika. Kabla mmoja haujaisha mwingine ulikuwa umeshashika usukani.

"Mzee wa watu," alisema wifi akijifuta machozi ya kicheko. "Mwenyekiti amempa redio aishike, naye ameilaza kidevuni."

Mama Sponji naye alicheka. Kisha aligeuza shingo kushoto, kule mto unakotokea, na kicheko kikamkaukia mdomoni.

Huku jua lilikuwa linawaka. Kule milimani mvua ilikuwa imewanyeshea wengine. Nyuma ya kona ya mto, mahali ambapo aliye chini hawezi kupaona, kitu cha rangi ya kahawia kilikuwa kinatembea juu ya mchanga. Kilikuwa na miti ndani yake, mizima, na mizizi ikiangalia juu.

"Baba watoto, toka," alisema. Taa ya redio haikuwaka. Akapaza sauti. Haikuwaka. Redio ya kujiwasha haijiwashi wakati inapokea sauti ya mwingine, na huyu mwingine alikuwa usingizini.

"Kitufe," alisema wifi, ambaye sasa alikuwa ameyaona maji. "Wifi, si ina kitufe pembeni?"

Alikibonyeza mpaka ukucha ukageuka mweupe. Taa ikawaka. "Toka mtoni, maji yanakuja. Toka mtoni." Aliachia, akasikiliza. Mkoromo. Chini kule gari la mumewe lilikuwa limetulia kama limeegeshwa sokoni. Mzee alikuwa hatua chache kutoka kwa Mwalimu, Mama Sponji alikuwa juu ya kilima, na redio hizi ndogo humsikiliza aliye karibu. Mwalimu alikuwa anausikia mkoromo peke yake, na kwa kuwa hakumsikia Mkia, alikuwa anangoja. Mtu mwingine yeyote angeshachoka akaondoka zake. Huyu hakuwa mtu mwingine.

Mama Sponji aliilalia honi. Ndipo ujinga wa kikundi chao ulipowarudia wote: kwao honi ilikuwa utani. Ukipigiwa honi, unajibu. Muuza majeneza akajibu kwa mbwembwe, akadhani wanamshangilia mzee. Mwenyekiti, vioo vimefungwa na kiyoyozi kinavuma, akajibu pia. Mwalimu, mtu wa adabu, akajibu mara moja, fupi.

"Shika kitu," alisema Mama Sponji.

"Unafanya nini? Mkia hapiti—"

"Shika kitu, wifi."

Aliiacha njia. Gari lilishuka kwenye vichaka kama kabati linalosukumwa ngazini. Alimpita muuza majeneza kwa upande wa vichaka, akaona mdomo wake wazi na tonge ndani. Mkono mmoja usukani, mwingine kwenye kitufe. "Maji, baba watoto. Nenda mbele. Maji." Aliachia. Mkoromo. Sasa hakuyaona maji tena, kilima kilikuwa kimeyaficha, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu alianza kuyasikia.

"Simama kwa mwenyekiti, mnyang'anye," wifi alisema.

Kusimama, kushuka, kugonga kioo, kumweleza daktari wa meno aliyezoea kuongea yeye. Hapana. Alipenya kati ya gari la mwenyekiti na jiwe. Kioo cha pembeni kikang'oka kwa mlio mkavu. Magurudumu yakagusa mchanga, na mzee sasa akawa nyuma yake.

"Baba watoto. Maji. Nenda mbele sasa hivi."

Aliona kisogo cha mumewe kupitia kioo cha nyuma. Kisogo hakikugeuka. Akasema tena, polepole, kwa sauti ile ile ambayo Mwalimu huwasemeshea wanafunzi wake. Injini yake ikawaka.

Magurudumu yalizunguka, yakachimba, gari likakaa kitako. Wifi alikuwa anasema jina la mama yake. Mwalimu hakukanyaga. Alirudi nyuma kidogo, juu ya alama zake mwenyewe, taratibu kama anamfundisha mtu, kisha akaingiza gia nzito na kwenda. Maji yalitokea kwenye kona yakiwa na kelele ya watu wengi wanaogombana. Gari lilikuwa limeinua pua kwenye ukingo wa pili wakati gogo la kwanza lilipogonga bampa ya nyuma, likaisukuma pembeni. Gari likayumba. Likasita. Likapanda.

Mama Sponji aligundua kwamba naye yuko mchangani. Alirudi nyuma mpaka bampa yake ikagota kwenye ukingo, maji yakampita mbele yamebeba mlango wa zizi la mtu.

Mwenyekiti alishuka, na kioo chake mkononi. "Mama Sponji, hata kama ni utani. Mkia hapiti mtu."

"Mwenyekiti," alisema wifi, "geuka uangalie mto."

Aligeuka. Kioo kikamtoka mkononi, kikavunjika mara ya pili. Muuza majeneza alikuwa ameshuka mbio kwa miguu, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, hakuwa na la kuchekesha.

Mama Sponji alifungua mlango wa gari la mwenyekiti. Mzee alifumbua macho.

"Shikamoo, mzee. Naomba hiyo."

"Marahaba, mwanangu. Tumefika?"

"Bado." Aliichukua redio kidevuni pake, akaizima. Hewa ikawa tupu. Kisha, ndani ya redio yake mwenyewe, sauti ya chini sana:

"Wote mko juu?"

Alikaa kwenye ngazi ya gari la watu. "Wote."

"Nilisikia mkoromo. Nikajua hujapata nafasi ya kuongea. Nikasubiri."

"Ungesubiri mpaka lini?"

"Mpaka uongee."

Hakuna aliyemwangalia. Alitazama ng'ambo. Mumewe alikuwa amesimama pembeni ya gari lake, mdogo, suruali imelowa mpaka magotini.

"Usikivu niliupandisha mimi," alisema, na kikundi kizima kikasikia. "Zote nne. Mpaka mwisho. Nilitaka usibonyeze."

"Najua. Nilikiona kifundo asubuhi. Nikakiacha, nikasema umenifanyia jambo."

"Na hukukirudisha?"

"Ningekirudishaje? Umekipanga wewe."

Watu wazima wawili, miaka yote ya ndoa, na kila mmoja amemwonea mwenzake huruma mpaka nusura wamzike mmoja wao. Muuza majeneza alikohoa, akaenda kuangalia matairi yake.

"Kesho narudi dukani," alisema Mama Sponji. "Nachukua zile za kwenye paa, zenye kitufe. Ukitaka kuongea, simamisha gari ndipo ubonyeze."

"Sawa," ilisema redio. "Ila siyo mtoni."