Kijiko cha Dirishani

Katika farmasi ya hospitali ya Kindu, miaka ile ya Wabelgiji, kinini, dawa ya homa ya malaria, hakikutoka dirishani kabla aliyekitengeneza hajakinywa mbele ya watu. Haikuwa amri ya daktari. Ilikuwa desturi ya muzee wangu, mfamasia aliyenifundisha kazi. Aliianzisha zamani, siku ambazo watu waliamini kwamba kinini cha Wazungu kinafunga uzazi. Kila asubuhi aliukoroga mtungi wa kinini, akajaza kijiko cha supu, akakiinua dirishani ili hata walio nyuma kabisa wakione, akameza. Kisha alifungua kinywa na kutoa ulimi, uonekane mtupu. Watu walicheka, na hapo ndipo mstari ulianza kusogea.

Mimi nilitoka masomoni na diploma yangu imekunjwa ndani ya kitabu. Tulifundishwa kwamba mtu wa farmasi haonji kitu. Siku ya pili nilimwambia hivyo, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito, ilinibidi nipaze sauti. Mstari mzima ulisikia.

"Kitabu yako inasema kweli," alinijibu. "Lakini kitabu haisimame kwenye mustari."

"Mwache mutoto, munganga," bibi mmoja alisema. "Anaogopa uchungu."

Hawakujua kilichokuwa kinanisumbua. Kitabuni nilisoma kwamba kinini kikimezwa sana kinaharibu masikio, na kikizidi kinagusa moyo. Saa ya chakula nilipiga hesabu ya vijiko vyote alivyomeza tangu alipoanza kazi, nikampa karatasi. Aliisoma polepole, akachukua kalamu yangu na kusahihisha.

"Umesahau siku ya soko," alisema. "Siku ya soko nakunywa mbili. Mitumbwi ya Lokandu inachelewa, na wale hawakuona ya kwanza."

Ndivyo alivyokuwa. Sikumbuki akiniita mjinga hata mara moja, ingawa nilipima unga uleule mara tatu huku wagonjwa wakingoja. Aliniacha nipime, kisha akauliza kama mizani imebadilisha mawazo.

Alikuwa Mwislamu, mtu wa familia za waungwana, waliosilimu tangu enzi za misafara ya Waarabu. Ramadhani ilipoingia, mchana hakuweza kumeza kitu, na dirisha letu lilifunguliwa asubuhi. Akanipa kijiko. "Mwezi huu ni yako," alisema. Mimi nilikuwa Mkristo wa misheni, sikuwa na udhuru.

Siku ya kwanza nilimeza. Siku nzima nilijisikiliza moyo. Siku ya pili niliiweka dawa shavuni, nikageuka kama mtu anayetafuta chupa, nikatema kwenye beseni nyuma ya mlango. Ulimi sikuutoa. Watu walinitania: huyu wa masomo anaficha ulimi, labda ameuacha shuleni. Nami nilitabasamu nikiwa nimefumba mdomo. Nilifanya hivyo mwezi mzima. Muzee alikaa kwenye kigoda chake akiandika vibandiko vya chupa, mgongo wake kwangu. Kwa miezi kadhaa nilijiuliza kama alikuwa hajaona au alikuwa ananingoja nikiri. Nilitunga maneno ya kukiri. Niliyapanga upya mara nyingi, na sikuyasema.

Alikufa asubuhi ya siku ya soko. Alikuwa ameshameza kijiko, ameshatoa ulimi, watu wameshacheka. Aligeuka kuchukua chupa ya kwanza, akaanguka kando ya mizani. Nilipomfikia alikuwa amekwisha. Nilipoinua kichwa, nyuso zilikuwa zimejaa dirishani, na hakuna aliyelia bado. Walikuwa wanatazama mtungi.

Daktari alisema ni moyo, na uzee. Nilimuuliza kuhusu kinini. Alisema kidogo namna ile hakiui mtu. Nilitaka kumuuliza hicho kidogo ni kiasi gani kwa miaka mingi vile, lakini alikuwa ameshavaa kofia.

Alizikwa siku ileile. Kwenye kilio, wanaume tuliketi kwenye mikeka uani, na kaka yake mkubwa akaniita nikae karibu naye.

"Wewe ulikuwa naye," alisema. "Alikufa na nini?"

"Moyo, baba."

"Na moyo ilisimamishwa na nini?"

Hapo ndipo nilipokosea. Ningeweza kusema uzee. Ningeweza kusema Mungu, na kila mtu angeitikia. Lakini ukurasa wa kitabu ulisimama mbele ya macho yangu, na karatasi yangu ya hesabu, na sauti ya daktari, nikawa napima lipi ni kweli zaidi. Nilinyamaza muda mrefu mno. Wazee walitazamana. Kimya changu kilifika sokoni kabla sijamaliza kikombe cha kahawa.

Asubuhi iliyofuata watu walikuja, wakasimama mstari, na hakuna aliyenyoosha chupa yake.

"Kinini kiko tayari," nilisema.

"Kunywa wewe kwanza," alisema mwanamume mmoja mwenye kikapu cha samaki.

"Wa kwanza alikunywa," mwingine akamjibu. "Tulimuona wote."

"Sasa mnataka nifanye nini? Nisipokunywa hamchukui. Nikinywa mtangoja muone kama naanguka."

"Tutangoja," alisema yule wa samaki, akaketi chini na kuweka kikapu kati ya miguu. "Leo haina haraka."

Wengine walicheka. Nilikijaza kijiko, nikakitazama, nikakimimina tena mtungini. Kicheko kikakatika. Waliondoka mmoja mmoja.

Siku tatu zilipita hivyo, na zilikuwa siku za mvua, homa ipo kila nyumba. Siku ya tatu mama mmoja aliyekuja dirishani siku ya kwanza na kuondoka bila dawa alirudi na mtoto wake akiwa anatupatupa mikono na miguu. Daktari alimchoma sindano. Jioni mtoto alifungua macho. Nilijua watoto wengine hawataiwahi sindano.

Niliwaza kukimbia. Lakini nilikuwa nimetia sahihi kutumikia Serikali kwa miaka kadhaa, na bila karatasi ya ruhusa nisingepanda meli wala treni. Barabara ya kwenda mji wa Kama ilikuwa na askari wa kukagua karatasi. Nilibaki ndani ya chumba kile cha dirisha moja. Nje, watu waliohitaji dawa waliniogopa. Ndani, niliuogopa mtungi. Kila nilipofikia uamuzi niliukagua tena, na nilipomaliza kuukagua haukuwa uamuzi tena.

Siku ya nne alikuja dada wa mjane wa muzee. Mjane mwenyewe alikuwa amekaa eda, hatoki nje. Mama huyu alipita mstari wote bila kuomba njia, akaweka chupa dirishani.

"Mujane ananituma," alisema, na kila mtu alisikia. "Iko na homa tangu juzi. Anataka kinini."

Walio nyuma walisogea karibu. Kisha aliingiza kichwa dirishani, akashusha sauti.

"Anasema mume wake alijua unatema."

Niliivuta chupa yake karibu na mtungi.

"Ramadhani yote alibeba kinini nyumbani kwa kichupa. Mangaribi, saa ya kufuturu, kabla ya uji, alikunywa kijiko moja kwa nafasi ya ile ulitema. Alisema watu walionyeshwa kijiko, lazima muntu aimeze. Dada yangu alikuwa anamucheka. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka." Akarudisha kichwa nje. "Sasa miye nitaangalia ulimi."

Niliukoroga mtungi. Kichwa kilianza kazi yake: vijiko vya Ramadhani vilikuwa vyangu, yeye aliviongeza juu ya hesabu ile, huenda kimoja kati ya hivyo ndicho kilichomuua. Sijapata jibu mpaka leo. Nilijaza kijiko nikiwa bado nahesabu, nikakiinua, nikameza. Uchungu ulinishika nyuma ya masikio. Nikatoa ulimi.

Mama yule aliutazama kwa makini, upande huu na huu, kama anayekagua nyama sokoni.

"Imeenda," alitangaza.

Nilijaza chupa ya mjane, nikabandika kibandiko. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya. Yeye aliondoka bila kuaga, lakini wengine hawakusogea. Walikuwa wananitazama miguu.

"Bado," alisema mwenye kikapu cha samaki.

Nilisimama. Sijui ni muda gani, labda wa kuchemsha chai. Mvua ilianza, na walio nyuma wakasukuma wa mbele ili waingie chini ya bati. Mama wa yule mtoto wa sindano akajikuta amebanwa kwenye dirisha, akanyoosha chupa. Baada yake mwingine. Mwenye samaki alinyanyuka, akasema kwa kuwa ameshalowa, apewe na yeye.

Nilipima, nikamimina, nikaandika. Walikuwa wengi na waliniamini, na nilielewa kwamba kesho wataniamini kwa kijiko kingine, na keshokutwa kwa kingine, na kwamba siku nitakayokosa watakumbuka. Hakuna karatasi ya ruhusa ya kutoka katika hilo. Muzee naye, pamoja na mizaha yake yote, huenda hakuwahi kuipata karatasi hiyo.

Mama wa mtoto alikuwa hajaondoka. Alielekeza kidole kwenye mtungi mdogo wa rafuni, ule wa mafuta ya minyoo, wenye harufu inayofukuza hata nzi.

"Na ile?" aliuliza. "Ile inanywewa na nani?"

Nikautoa rafuni, nikafuta kijiko.