Kuku wa baba mkwe na mgeni wa Zuhura

Leo baba mkwe kasimama katikati ya mchezo, nikajua binti yangu kaisha.

Zuhura anaigiza vichekesho na kikundi cha Waislamu na Wayahudi kutoka Arusha. Leo walikuwa hapa Mugumu. Baba mkwe alishasema, "Wakichezea dini, mtoto haigizi tena." Akaenda kukaa mbele kabisa!

Kwenye mchezo, Zuhura na kijana wa Kiyahudi, Danieli, ni wageni harusini. Nyama ikaletwa.

Danieli akauliza, "Nani kachinja?"

Zuhura naye, "Eeh, nani kachinja?"

Ndipo mzee akasimama. Mimi nimejifunika mtandio.

"We mura, kijana wangu! Hilo swali nauliza harusi zote za hapa, wananiita mkorofi. Kumbe tuko wawili!"

Watu walicheka, jamani. Mimi nililia.

Kasema Zuhura aendelee. Tena Danieli aje kula kwetu leo hii, na kuku kamchinja mwenyewe kwa furaha.

Lakini Wayahudi si wana mchinjaji wao? Nikimuuliza Danieli, si ataona namfukuza? Nisipouliza, je?

Nimebandika na maharage pembeni. Nijibuni haraka, nawasikia mlangoni.