Neno Moja Lililojaza Bonde

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwisho wa kiangazi, mwanangu, siku niliyofunga tai ya baba yangu na kusimama mbele ya watu wa mtaa wetu kama waziri.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepata diploma ya sekondari, na kwetu Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi, tuliofika hapo tulihesabika. Baba alikuwa mtu wa reli, mzaliwa wa upande wa Pweto, na kusoma kwake kuliishia kwenye namba za mabehewa. Kwa hiyo karatasi yoyote ya Kifaransa ikifika mtaani, watu walisema, "Mupelekee Célestin." Célestin ndiye mimi. Sifa, mwanangu, hulewesha kuliko lutuku, na mlevi wake hajui kuwa amelewa.

Chini ya nyumba zetu kulikuwa na bonde la majimaji. Wamama walilima humo lengalenga na matembele, mboga zilizotulisha sote, na katikati yalisimama matete marefu ambayo hakuna aliyeyakata. Mlinzi wa sheria hiyo alikuwa Mama Kabedi, mjane aliyekuja kutoka Kasai akiwa msichana. Yeye alifundishwa na bibi mmoja wa kabila la Walamba, mwenyeji wa ardhi ile tangu kabla ya migodi, kwamba matete ya katikati hayaguswi. "Pale njo mayi inalalaka," alikuwa akituambia, yaani ndipo maji hulala. "Mukiivunjia kitanda, itakuja kulala kwenu." Sisi vijana wa shule tulicheka. Tulidhani tumeshapita mambo ya wabibi.

Basi Jumamosi hiyo walikuja mabwana wawili wa kampuni moja ya shaba, watu wa adabu, na karatasi yao. Walitaka mahali pa kuegesha malori. Shefu wa mtaa alikusanya watu kwenye uwanja wa shule, nami nikapewa karatasi nitafsiri. Nilianza vizuri. Nilipofika katikati nikakuta wameandika kwamba watu wa mtaa wanakubali kampuni "remblayer" lile bonde.

Neno hilo sikulijua.

Kuuliza kungechukua muda wa kupiga chafya. Mabwana wale walikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na miongoni mwao alikuwepo Godelieve, msichana niliyetaka anione mtu. (Aliolewa Likasi na fundi wa umeme, kwa hiyo hata hilo sikulipata.) Nikakohoa, nikasema kwa sauti kubwa, "Banasema batatengeneza bonde."

Mama Kabedi akainua mkono. "Batatengeneza namna gani, mutoto wangu?"

"Mama," nikamjibu, "kutengeneza ni kutengeneza."

Watu wakacheka. Alicheka hata shefu. Mmoja mmoja wakaenda mezani kutia dole gumba, na Mama Kabedi alikuwa wa mwisho. Aliniangalia kwanza, kisha akatia. Aliniamini kwa sababu nilikuwa mtoto wa mtaa.

Wazee husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, lakini hilo halikuwa kosa langu kubwa. Ningeweza kujiinua. Jumatatu yake nilikwenda parokiani, nikaomba kamusi, nikalitafuta neno lile. Lilimaanisha kujaza: kufukia shimo au bonde kwa mawe na udongo mpaka lilingane na barabara. Nilisoma mara mbili. Kisha nikaifunga kamusi, nikairudisha, nikaenda nyumbani kula. Malori yalikuwa bado hayajaja, mwanangu. Kulikuwa na siku tisa nzima za kusema. Sikusema.

Yalipokuja yalimwaga mawe kutwa, na kufikia mwisho wa mwezi matete yalikuwa chini. Wamama wakanijia mbio. "Célestin, njo kutengeneza hii?" Nikawaambia ni mwanzo tu, wasubiri. Uongo wa kwanza huzaa mapacha.

Mwaka huo mvua ilichelewa, kama inavyochelewa sasa karibu kila mwaka. Tulikuwa tumezoea mvua ya kwanza inayogonga mlango polepole. Ile haikugonga. Ilishuka alasiri moja yote kwa pamoja, kana kwamba mbingu imepinduliwa. Maji yakatelemka kutoka barabara ya juu, yakafika bondeni, yakakuta mawe. Yakageuka. Yakaja kwetu.

Huko juu kwenye nyumba za ukuta wa saruji hakuna aliyelowa miguu. Nyumba zetu zilikuwa za matofali mabichi, nayo matofali mabichi yakinywa maji hurudi kuwa udongo. Niliona ukuta wa jirani ukikaa chini taratibu, kama mzee aliyechoka. Vyoo vilifurika, visima vikaharibika. Mama Kabedi alikuwa ameshatoka salama, akarudi ndani kuokoa mbegu zake alizozihifadhi kwenye kopo la maziwa. Ukuta ukamwangukia mguuni.

Tulimbeba kwenye mlango uliong'oka mpaka hospitali. Nilishika kona moja ya mlango ule, na njia nzima sikuweza kumtazama usoni.

Siku ya tatu nilikwenda kumwona peke yangu. Alikuwa amelala mguu juu, umefungwa plasta. Nilimpa machungwa, nikakaa, na kabla hajasema lolote nikamweleza yote: neno, kamusi, siku tisa.

Hakupiga kelele. Akasema, "Kutokujua haiko kosa, mutoto wangu. Mimi pia sijue kusoma, na sina haya. Kosa yako iko kufunika. Ulituona tunaenda mu shimo, ukaogopa bantu batacheka tai yako."

Nikalia. Nikamwomba anisamehe.

"Mi siko padiri," akasema. "Na si mimi peke yangu ulinidanganya. Kama unataka kutubu, uende utubu kwa bale benye ulidanganya. Kwa sauti ileile."

Kwa sauti ileile. Nimeishi miaka mingi, mwanangu, na sijapata kuambiwa jambo zito zaidi kwa maneno machache hivyo.

Jumapili baada ya misa nilimwomba shefu ruhusa, nikasimama uani mwa kanisa. Nilisema kila kitu. Kijana mmoja ambaye mama yake alikuwa amepoteza nyumba alinijia na ngumi, wanaume wawili wakamshika. Baba yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza, nilitamani ile ngumi inifikie. Kisha baba akainuka, akaja akasimama kando yangu, akawaambia watu, "Mutoto alikosa. Lakini amesema. Sasa tutafanya nini?"

Swali hilo lilifungua mlango. Shefu akasema kwamba kama watu walitia dole kwenye wasichokijua, basi hawajakubali kitu, na shahidi wa hilo ni mimi. Juma hilo tulikwenda kwenye ofisi ya komini, yaani serikali ya eneo letu, watu kama arobaini, wamama mbele. Bwana wa kampuni akasema, na alisema kweli, "Sisi hatukumdanganya mtu. Kijana wao ndiye aliyetafsiri." Nikasimama, nikajibu kwa Kifaransa kwamba ni mimi, kwamba nilikosea, kisha nikaficha. Ukweli ukishatoka, huwa na mifupa yake wenyewe.

Wakaguzi wa komini wakaja kuona, na bahati ikawa mvua iliwakuta palepale. Walirudi na matope magotini. Hatukushinda yote, sitamdanganya tena mtu hata mmoja. Nusu ya bonde ni maegesho ya malori mpaka leo. Lakini kwenye nusu ya pili kampuni ilitakiwa kuondoa mawe na kuchimba mfereji, nasi vijana tukashika majembe kurudisha matete. Mama Kabedi, na fimbo yake, alituonyesha pa kupanda. Tangu hapo maji yamekuja mara nyingi, tena kwa hasira kuliko zamani, lakini hayajaingia tena nyumbani kwetu. Mama Kabedi alichechemea mpaka siku zake za mwisho, na kila alipopita mbele yangu nilisimama.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mvua imebadilika na jua limebadilika, na watakuja kwenu watu wengi wenye karatasi: wa migodi, wa viwanja, hata wale wanaosema wamekuja kuokoa hewa. Wengine ni wema. Lakini karatasi ni karatasi. Ukikuta neno usilolijua, simamisha mkutano wote, uliza. Wanaokucheka leo watakushukuru msimu wa mvua. Ukikosea, sema ungali unaweza kusema, maana siku tisa hupita kama siku moja. Usidharau sheria ya bibi kwa sababu haikuandikwa; ichunguze kwanza, pengine ndani yake kuna elimu ambayo shule yako bado haijaifikia. Na ujue kwamba maji yakikosa njia humwendea maskini, kwa hiyo anayesoma kwa niaba ya maskini ameshika ukuta wa nyumba yao.

Ninyi vijana mnaweza. Nimewaona mkisimama kwenye mikutano kwa ujasiri kuliko tulivyosimama sisi, na moyo wangu umetulia.

Mungu akupe macho ya kusoma na ujasiri wa kuuliza. Akupe ardhi inayokunywa mvua yake na nyumba isiyoogopa mawingu. Na watu watakaokutuma useme kwa ajili yao, wasijute hata siku moja. Amina, mwanangu. Enda na amani.