Eliya wa Hagsätra

Nabii alifika kwetu Hagsätra siku ya mvua kubwa, akatangaza ukame. Alisimama mlangoni maji yakimchuruzika kwenye koti, sanduku lake limelowa, akasema nchi hii imekauka kabisa. Mama mwenye nyumba akamwomba avue viatu, aingie, apate chai.

Mama huyo alikuwa mjane kutoka Uganda. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao, kuwaogesha na kuwapa dawa, na mimi nilikuwa nimepanga kile chumba kidogo karibu na jiko. Chumba kikubwa kilikuwa cha binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyezaliwa hapahapa Stockholm na aliyekuwa akisomea uuguzi. Alikuwa ameanguka mtihani wa kukokotoa dozi, na nafasi ya kuurudia ilikuwa inakaribia. Kwa hiyo chumbani mwake kulikuwa na kadi za rangi zilizobandikwa ukuta mzima, majina ya dawa na hesabu zake. Mimi niliacha shule darasa la sita, nimeosha vyombo katika miji mingi kuliko ninavyokumbuka, na nilikuwa nikipita mlangoni kwake nachungulia zile kadi kwa wivu.

Nabii alikuwa na kikundi cha maombi kule Spånga, kwenye ukumbi wa chini ya jengo walioukodi kwa saa za baada ya darasa la dansi. Wakongo, Waganda, Warundi, Wakenya, wote walikutana pale kwa Kiswahili, kila mmoja na chake. Mama alikuwa akienda tangu mumewe afariki.

"Mama mpendwa," Nabii alisema huku akipuliza chai, "nimetumwa kwako. Kama Eliya alivyotumwa kwa mjane wa Sarepta."

Kisa hicho mama alikijua. Eliya anamwambia mfalme kwamba mvua haitanyesha, kisha anajificha kwenye kijito na kunguru wanamletea mkate na nyama. Kijito kikikauka, anatumwa kwa mjane aliyebakiwa na unga wa konzi moja tu, wa kupika mara ya mwisho yeye na mwanawe wale, kisha wafe. Eliya anamwambia ampikie yeye kwanza. Mjane anapika, na unga mtungini hauishi tena.

"Na yule mtoto," Nabii aliongeza, akimtazama binti aliyekuwa mezani na vitabu vyake, "yule mtoto aliishi kwa sababu nabii alikuwa ndani ya nyumba."

Mama akaweka kikombe chake chini. Alikuwa amemwombea mumewe hospitalini, na mumewe akafa. Sasa amebaki na huyu mmoja.

"Karibu, Nabii," alisema. "Hapa ni kwako."

Kwetu maneno hayo huambiwa hata fundi bomba. Nabii aliyachukua kama hati ya nyumba. Jioni ile binti alihamia kwenye kochi sebuleni, kwa siku mbili tatu, na kadi zake zikabaki ukutani juu ya kichwa cha mtu wa Mungu.

Siku mbili tatu zikawa majira. Majani yakaanguka yote, taa za Krismasi zikaanza kuwashwa madirishani, Nabii bado yupo. Kila chakula kilianza na yeye. Mama alipopika kuku, firigisi ilikuwa yake, na paja, na lile paja la pili. Alikula taratibu, amefumba macho, kama anayetufanyia kazi. Kisha alitoka na mabaki mpaka kwenye roshani, akawarushia kunguru.

"Hawa ni jamaa zangu," alisema. "Walinilisha zamani."

Kunguru wa kwenye maandiko walimpelekea nabii nyama. Hawa wa Hagsätra waliletewa na nabii, tena nyama yetu. Wakanenepa. Wakaanza kugonga kioo asubuhi kabla ya saa ya kuamka.

Unga nao haukuisha. Nilijua kwa nini. Nilikuwa naubeba mimi mwenyewe kutoka duka la Rinkeby, mfuko begani, naingia treni ya laini ya bluu, nabadilisha mjini, naingia ya kijani, nashuka mwisho wa reli. Jumapili moja mama alinishawishi niende Spånga kusikiliza, na mimi huwa sikatai kusikiliza chochote. Nabii alisimama mbele, akanyoosha mikono. "Nyumba ninayokaa," alisema, "unga haujaisha tangu niingie!" Watu wakashangilia, mama mmoja akalia kwa furaha. Mimi nilikaa nyuma nikisugua bega.

Unaweza kuuliza kwa nini hakuna aliyemwambia aondoke. Ni kwa sababu mgeni haulizwi anaondoka lini. Mama alilelewa hivyo, na mimi hivyohivyo. Kumuuliza mgeni siku ya kuondoka ni kama kumuuliza mgonjwa siku ya kufa. Tungeweza kumsubiri tu, tukisema "karibu tena chai" kwa sauti inayozidi kupungua nguvu. Aliyeweza kuuliza ni binti, maana yeye adabu hizo alizisikia tu kama hadithi za nchi nyingine. Aliuliza kwa Kiswidi, kama alivyomjibu mama yake maisha yake yote.

"När åker du?" Unaondoka lini?

Nabii alitabasamu kwa huruma. "Mwanangu, lugha hiyo Mungu hajanifungulia."

Alikuwa ameishi Uswidi miaka mingi kuliko mimi. Alhamisi iliyofuata nilimsikia bafuni akibishana kwenye simu, kwa Kiswidi kilichonyooka kuliko changu, kuhusu matairi ya gari ya majira ya baridi.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa Hajji mmoja, Mganda pia, aliyekuja kama mkimbizi zamani na kustaafu udereva wa basi. Alimpenda mama kama dada yake, wakipelekeana sahani za pilau kila Idi na kila Krismasi. Nilikwenda kwake kuuliza kuhusu Eliya, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba Waislamu wanaye pia.

"Ilyas," alisema. "Tunaye. Aliwakataza watu wake kumwabudu Baali, wakamkadhibisha. Basi. Hatukuambiwa alilala kwa nani wala alikula nini."

"Labda ndiyo sababu hamna mtu wa namna hii sebuleni."

"Tunao wa namna nyingine," alisema, akacheka mpaka akakohoa. "Lakini huyu wenu, msafiri, wewe hujui? Mkewe amembadilishia kitasa. Dukani Rinkeby wanajua wote. Hicho kijito kilichokauka kiko Spånga, ghorofa ya pili."

Nilirudi na habari hiyo imenikaa mdomoni kama pipi. Nilimwambia mama akiwa anaosha mboga. Hakushtuka.

"Najua," alisema. "Mkewe alinipigia simu wiki ya kwanza. Alinipa pole."

"Sasa, mama?"

"Sasa kama ni mwongo, nimemlisha mwongo, si dhambi. Kama ni kweli, na nimemfukuza?" Akatazama mlango wa sebuleni, ambapo binti alikuwa amelala na kitabu kifuani. "Wewe huna mtoto, ndugu yangu. Mimi ninaye, siwezi kubahatisha."

Kwa hiyo nikakisoma kile kisa mwenyewe, chumbani, polepole, kama mtu aliyeishia darasa la sita. Nikagundua jambo ambalo Nabii hakulitaja. Mtoto wa yule mjane aliugua akafa Eliya akiwemo ndani ya nyumba, amepewa chumba cha juu, unga umejaa mtungini. Ndiyo, Eliya alimwombea akafufuka. Lakini mjane mwenyewe, kabla ya hapo, alimuuliza kwa uchungu kama amekuja kumuulia mwanawe. Swali zuri. Sikumbuki kulisikia Spånga.

Kilichovunja mambo kilikuwa karatasi ndogo ya gundi. Huku, barua huingia kwa tundu la mlangoni, na mpeleka barua hutazama majina yaliyobandikwa juu yake. Asiye na jina mlangoni ni kama haishi. Juu ya tundu letu kulikuwa na jina la mama, chini yake jina la binti, chini kabisa langu kwa herufi za kubanana. Ijumaa binti alirudi kutoka chuoni akakuta pameandikwa jina la Nabii, kwa kalamu nene, na neno "Profet", yaani nabii, mbele yake. Lilikuwa limebandikwa juu ya jina la binti. Yeye peke yake ndiye aliyefunikwa.

Hakupiga kelele. Aliingia, akamkuta Nabii mezani.

"Umeandika juu ya jina langu," alisema, safari hii kwa Kiswahili, ili asikwepwe.

"Mwanangu, nilikuwa nasubiri barua muhimu. Na nafasi ilikuwa ndogo."

"Anko ana jina pale," alisema akininyooshea kidole. "Kwa nini hukufunika la anko?"

Nabii alinitazama. "Huyu ni mpangaji," alisema. "Ana haki zake."

Binti aligeuka kwa mama yake. Mama alikuwa na kijiko mkononi, mchuzi unadondoka sakafuni. Alifungua mdomo. Nikamwona akimtazama Nabii, kisha binti, kisha Nabii tena. Halafu akasema, "Mwanangu, kula kwanza."

"Jag flyttar," binti alisema. Ninahama. Akabandua kadi moja moja kutoka ukutani, akazitia begini pamoja na nguo, akaenda kwa rafiki yake. Mtihani ulikuwa wiki inayofuata.

Nabii akala. Namkumbuka akisema kwamba watoto wa nchi hii wana roho ya Yezebeli. Mama aliniuliza mimi, tukiwa jikoni tumebaki wawili, maji ya bomba yakimwagika ili tusisikike:

"Yule Eliya alitokaje kwa mjane?"

"Alipata neno kwamba aende kwa mfalme. Akaenda."

"Nani alimletea hilo neno?"

"Mungu. Pale hakuna mtu mwingine. Lakini mbele kidogo, alipokimbilia jangwani akataka kufa, malaika alimwamsha. Alimletea mkate na maji, akamwambia ale, maana safari ni ndefu."

Alifunga bomba. "Mkate wa namna gani?"

"Umepikwa juu ya makaa."

"Chapati," alisema mama.

Kwao, na kwetu wengi, mgeni haulizwi anaondoka lini. Lakini mgeni aliyefungashiwa masurufu haulizi kwa nini. Ukimpa mtu chakula cha njiani, kimefungwa vizuri, umempa heshima yake yote na njia pia. Sijui kwa nini sote tulikuwa tumelisahau hilo. Labda kwa sababu huku watu hawasafiri kwa kufungashiwa. Wananunua soseji kituoni.

Jumamosi asubuhi aliamka akakanda unga, ule usioisha. Akachoma chapati mpaka zikawa mnara, akazifunga kwa karatasi ya fedha, akazifunga tena kwa kitambaa cha kitenge, fundo juu. Akajaza chupa ya maji. Akavaa gomesi, lile vazi lake la mabega yaliyosimama ambalo hulivaa harusini tu. Kisha akamwita Hajji kutoka mlango wa pili, naye akaja amevaa kofia na koti, bila kuuliza, kama mtu aliyekuwa anasubiri zamani.

Mama akabisha mlango wa chumba.

"Nabii. Amka ule. Safari ni ndefu."

Ikatoka sauti ya usingizi: "Safari gani, mama mpendwa?"

"Hiyo sikuambiwa," alisema mama. "Mimi nimeambiwa habari ya chakula tu."

Nabii alipofungua, alimkuta mama amepiga magoti sakafuni na gomesi lake, kama wanawake wa kwao wanavyomwandalia mtu mkubwa, kifurushi mikononi. Nyuma yake Hajji ameshashika sanduku. Nabii alikitazama kile kifurushi. Mwongo au mkweli, alizaliwa kulekule kwetu; alijua kilichofungwa mle. Akakipokea kwa mikono miwili.

"Mungu akubariki, mama."

"Na wewe, Nabii. Hajji atakusindikiza."

Mvua ilikuwa inanyesha. Hagsätra ni mwisho wa reli, treni inaondoka upande mmoja tu, kwa hiyo hakukuwa na ubishi kuhusu mwelekeo. Hajji alirudi baada ya muda, akatikisa koti lake.

"Eliya wenu wa kwenye maandiko alitembea siku ngapi kwa chakula kile cha malaika?"

"Arobaini," nilisema.

"Huyu amefungua fundo kabla milango ya treni haijafungwa. Mpaka Rågsved, kituo cha kwanza, alikuwa amefika ya tatu." Akakaa. "Nilionja moja. Nzuri sana, dada."

Mama hakucheka. Alikuwa mlangoni anakwangua karatasi ya gundi kwa ukucha. Iling'oka na nusu ya jina la binti. Akaliandika upya, kubwa kuliko la kwake.

Binti alikuja Jumapili kuchukua kitabu alichosahau. Alilisoma lile jina kabla hajaingia. Nilisikia funguo zikikoma kulia. Akakuta shuka zimefuliwa, dirisha liko wazi, kunguru wawili kwenye roshani wanadai haki yao.

"Amepaa?" aliuliza. "Kwa gari la moto?"

"Laini ya kijani," mama alijibu. "Mtihani lini?"

"Jumatano."

"Kadi zako umeziacha kwa rafiki yako?"

"Ziko begini," binti alisema, na akaanza kuzibandika.

Hofu ya mama haikuondoka na treni ile. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alisimama nje ya mlango wa binti, viatu mkononi, akisikiliza kama anapumua. Alidhani hakuna anayejua. Mimi nilijua kwa sababu jiko na chumba changu viko palepale. Binti naye alijua, maana kila mara kivuli cha mama kilipotulia chini ya mlango, alikuwa akikohoa kidogo, na mama akivaa viatu na kwenda.