Bunduki Fupi Kitandani kwa Mama

Sefu niliinunua kabla ya bunduki. Ndivyo sheria ya huku Sydney inavyotaka: uwe na mahali pa kuifungia kabla hujaileta nyumbani. Niliipata kwa mzee mmoja wa Rooty Hill, bei ya kutupa, nayo ilikuwa fupi kama mtoto wa chekechea. Nikaifunga kwa bolti katika chumba cha mama yangu, maana ukuta wa matofali ulikuwa huko tu. Kwingine kote ni mbao na rangi.

Mama alikuja kutoka Kenya kuwaona wajukuu kwa miezi mitatu. Korona ikafunga mipaka, miezi mitatu ikawa mwaka na zaidi. Jioni, akichambua maharagwe ingawa ya Sydney hayana mawe, alinisimulia habari za baba yake, aliyepelekwa vitani Burma na jeshi la Mwingereza akarudi na koti na kikohozi. Babu huyo sikumkuta. Zile habari zikanipanda kichwani. Nikajiunga na klabu ya kulenga shabaha ili nipate leseni, nikaanza kutafuta bunduki kama yake. Ulikuwa ujinga wa mtu mzima, na simsingizii mtu.

Duka lilikuwa Smithfield, katikati ya maghala. Muuzaji alinitolea mbili, zote za Mwingereza za wakati wa vita vile. Moja ndefu, nzito, kitako kimekwaruzika. Nyingine fupi, nyepesi, mdomo wa mtutu umepanuka kama faneli ya mafuta ya taa. Nilizikagua nilivyofundishwa klabuni: nikachungulia ndani ya mtutu kwenye mwanga, nikafungua na kufunga komeo, nikalinganisha namba. Ndefu ilikuwa safi zaidi. Muuzaji, barakoa imemshukia kidevuni, aliniuliza babu alibeba ipi.

"Sijui," nikasema.

"Si umesema mama yako yuko nyumbani? Kamuulize. Hizi hazina miguu."

Mimi nilitaka kumshtukiza mama. Na ukweli mwingine, ambao sikumwambia muuzaji, ni kwamba ndefu isingeingia kwenye sefu yangu. Nikachagua fupi, na kibali kilipotoka nikaenda kuichukua.

Kwetu hununui kitu kikubwa ukakaa nacho kimya. Iwe gari au ploti, mzazi lazima akione, akiombee, ateme mate kidogo ya baraka. Gari langu la kwanza hapa mama alilibariki kwa video, nikimsogezea simu hadi kwenye magurudumu. Basi nikailaza bunduki juu ya kitanda chake, nikamwita kwa furaha kabisa.

Aliingia akipangusa mikono, akasimama mlangoni. Hakunitazama mimi. Alitazama ule mdomo wa faneli.

"Baba yangu alibeba zile ndefu," akasema. "Hii ni ya wale askari wa Mwingereza waliokuja kwetu wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari. Walitutoa nje, wakachoma nyumba. Nilikuwa na miaka saba. Mdomo wa bunduki ulikuwa hapa." Akagusa paji la uso.

"Mama, haina risasi."

"Na ile sikujua kama ilikuwa nazo."

Nikaifungia upesi, nikamwahidi nitairudisha dukani. Wiki hiyo hiyo Sydney ikafungwa, na sisi wa mitaa ya magharibi tukabanwa kuliko wengine. Duka nalo likafungwa. Mama akahamia sebuleni, akawa analala kwenye kochi.

"Dad, why won't Shosho sleep in her own bed?" binti yangu aliniuliza.

Nikamjibu kwamba bibi mgongo unamuuma.

Ningeweza kuwapigia polisi simu waje waichukue siku ile ile. Nilijua hivyo vizuri. Lakini wangeiharibu, nami nilikuwa nimeipenda. Nikajiambia mama atazoea, hicho ni chuma tu kimefungiwa ndani ya chuma kingine. Hakuzoea. Mwezi wa nane wanajeshi walipoanza kupita mitaani pamoja na polisi, wakigonga milango kuona kama watu wametulia ndani, aliwakusanya watoto wangu na kuwaketisha sakafuni, mbali na dirisha, kidole mdomoni. Nilisimama jikoni nikiwaona. Hata siku hiyo sikupiga simu, na ninaona aibu kuliandika hili.

Maharagwe aliendelea kuchambua, ila habari za baba yake zilikoma. Nikimuuliza, alisema amesahau. Hakuwa amesahau.

Vizuizi vilipolegezwa niliiuza kupitia duka lile lile, kwa mkusanyaji wa vitu vya kale. Mama hakurudi chumbani. Mipaka ilipofunguliwa alitaka ndege ya kwanza yenye nafasi, akaipata. Uwanjani, tukiwa kwenye foleni ya mizigo, ndipo nilipopata ujasiri.

"Mama, nisamehe. Nilikutia hofu ya zamani."

Foleni ikasogea, akasukuma begi lake kwa mguu.

"Hofu ya zamani naijua, tumezeeka pamoja," akasema. "Lakini wale walikuwa watu nisiowajua. Wewe nilikuzaa, ukaniona nikilala kwenye kochi."

Kisha akanyoosha mkono, akaniomba pasipoti yake.