Kigelegele cha Meno Mapya

Nyanya yangu wa Majengo, Pumwani, ndiye aliyekuwa akianzisha vigelegele katika harusi za mtaa. Habari ikifika kutoka msikitini kwamba binti keshaozwa, wanawake walisubiri sauti yake kwanza. Halafu meno yakamwisha, na sauti ikawa pumzi tupu, kama birika linalokaribia kuchemka. Kazi ikachukuliwa na jirani wa mlango wa pili, mwanamke mwenye meno yake yote na tabia ya kuyaonyesha.

Basi mama alipompeleka akatengenezewe meno ya bandia, tulidhani anatamani nyama. Kumbe binamu yangu alikuwa karibu kuolewa.

"Harusi ya mjukuu wangu aanzishe yule?" nyanya aliuliza. "Labda niwe nimeshazikwa."

Tatizo, meno ya juu yalimdondoka kila alipopanua kinywa. Mazoezi aliyafanyia jikoni, na mara mbili tuliyaokota ndani ya unga wa chapati. Mimi, mwanachuo nisiyekosa maoni, nikamshauri asome gazeti kwa sauti kila asubuhi ili ulimi uzoee.

"Mume wangu," akanijibu, maana ndivyo alivyonitania tangu nizaliwe, "umeona wapi harusi ikifunguliwa kwa bei ya mahindi?"

Siku ikafika. Nilikuwa uani kwa kisingizio cha kubeba sufuria. Mjomba akachungulia mlangoni: "Tayari, keshaozwa!"

Jirani akavuta pumzi. Nyanya akamtangulia. Niliona meno ya juu yakicheza, nikafumba macho kama mtu anayesubiri sahani ivunjike. Lakini sauti ikapaa, kali, ndefu, ikavuka mabati ya nyumba tatu. Nilipofumbua, mkono wake ulikuwa umefunika mdomo, kama wanawake wetu wote wafanyavyo wakipiga kigelegele. Ila yeye, nyuma ya kile kiganja, kidole gumba kilikuwa kimeyabana meno barabara. Kwa mbali ungeona heshima tupu.

Ua mzima ukamwitikia. Jirani naye, bila hiari, akaitikia.

"Shoga," akasema walipotulia, "kumbe umerudi!"

"Kwani nilikwenda wapi?"

Akapiga kingine sinia za pilau zilipotoka, kingine mpiga picha alipoingia, na kingine mpiga picha alipojikwaa. Mama akamnong'oneza awaachie na wenzake.

"Waanzishe kwao," alisema nyanya, akarudisha mkono mdomoni.